Barua ya wazi kwa vijana wa bendi ambao mwimbaji wao anataka albamu ya jina lake

Wanangu,

Salamu zangu ziwafikie hapo mnapofanyia mazoezi. Nimesikia kwamba mwimbaji wenu anataka kurekodi albamu itakayobeba jina lake peke yake, ile mnayoiita albamu ya solo, tena anawataka ninyi hao hao mumpigie vyombo, na kwamba wawili kati yenu wamekwisha nuna. Nami nilipiga besi katika bendi za dansi kwa miaka mingi, na huko kwetu solo lilikuwa jina la gitaa, halikuwa jina la mtu aliyejitenga. Aliyetaka jina lake lisomeke kwenye santuri alihama usiku, nasi asubuhi tukakuta nafasi tupu jukwaani. Shauri la mwenzenu ni la kiungwana kuliko hayo, ila lina mitego yake, na ni afadhali niwaonyeshe kwa mfano wa watu wa roki wenyewe.

Tom Petty wa Marekani alikuwa kiongozi wa bendi ya Heartbreakers, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976. Mwaka 1994 alitoa Wildflowers chini ya prodyuza Rick Rubin, na jina la bendi halikuwekwa jaladani. Lakini ukisoma orodha ya wapigaji unamkuta Mike Campbell kwenye gitaa, Benmont Tench kwenye kinanda na Howie Epstein kwenye besi, yaani bendi karibu yote. Anayekosekana ni Stan Lynch, mpiga dramu wa tangu mwanzo, ambaye mahali pake alikaa Mwingereza Steve Ferrone. Hata katika albamu ya kwanza ya namna hiyo, Full Moon Fever ya 1989, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa kwenye gereji ya Campbell, Lynch hakupiga.

Mtauliza, mtu anayewaita wenzake studio analiachaje jina lao nje? Mimi naona hivi: jina la bendi linampa kila mwanachama haki ya kuwemo katika kila wimbo, na jina la mtu mmoja linampa mwenye jina ruhusa ya kuchagua. Kwa hiyo ninyi mlioitwa msinune, kwa kuwa mmechaguliwa mara ya pili. Wa kuangaliwa ni yule asiyeitwa. Lynch aliondoka Heartbreakers mwaka huo huo wa 1994, na Ferrone akashika nafasi yake mpaka Petty alipofariki Oktoba 2017. Sisemi kwamba albamu ile ndiyo iliyomwondoa. Nasema kwamba mpigaji anayepitwa na kazi mbili za kiongozi wake hahitaji barua ya kumwambia kwamba kiti chake kimelegea. Kama mwimbaji wenu amekwisha pata mpiga dramu mwingine, na aseme yeye mwenyewe kwa mdomo wake, mbele ya mhusika, kabla habari haijafika kupitia kwa fundi wa studio.

Kuhusu utunzi sina maneno mengi: Campbell aliandikwa mtunzi mwenza wa nyimbo mbili za Wildflowers, ingawa jaladani hayumo. Nanyi atakayeleta sauti za gitaa zilizozaa wimbo aandikwe siku ile ile, maana mirabaha humfuata aliyeandikwa, na kumbukumbu za studio hufifia upesi sana mara fedha zinapoanza kuingia.

Jambo ambalo vijana hulisahau ni nyimbo zinazobaki. Petty alikuwa amekusudia albamu mbili kwa pamoja, nyimbo 25, lakini zikatoka 15. Baadhi ya zilizobaki zikaingia mwaka 1996 katika albamu ya muziki wa filamu iliyobeba jina la bendi, na mkusanyo wenye zile kumi ukatoka 2020, mwenyewe akiwa hayupo duniani. Basi ulizeni leo: wimbo uliorekodiwa kwa ajili ya jina la mmoja, ukiachwa, unarudi kuwa wa bendi au unabaki wake? Na atakayelipwa ujira wa siku, je, atapata chochote ukija kutumika miaka kumi baadaye? Haya ni maswali ya mkataba, na kuyauliza si kukosa imani na rafiki. Ulizeni pia jukwaani mtasimama kwa jina gani, kwa sababu Petty alipozunguka na nyimbo zile mwaka 1995 alizunguka pamoja na Heartbreakers kwa jina lao kamili.

Mkisha kuyaandika, nileteeni karatasi niisome kabla yeyote hajatia saini. Na kama mpiga dramu wenu ndiye asiyeitwa, aambiwe Jumamosi hii, kabla hajapanga vyombo vyake kwa mazoezi.

Mzee wenu wa besi