Tangi lisichomelewe

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu Salumu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi hatujambo, na Mama Zuhura naye amepata nafuu. Mjomba ameniambia kwamba tangi la gari lako linavuja, na kwamba Jumamosi unakusudia kulishusha mwenyewe hapo Masasi, juu ya shimo la gereji ya jirani, kisha ulipeleke kwa fundi wa kuchomelea alizibe. Neno hilo la kuchomelea limeninyima usingizi.

Tangi likishamwagwa petroli usidhani limekuwa salama. Kinachoshika moto ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu hubaki limejaa mchanganyiko huo. Hata ukiliosha kwa sabuni, mabaki yaliyojificha kwenye kutu na mishono hutoa mvuke upya pindi moto unapoligusa. Tafuta tangi jingine lililotumika, Salumu, hata kama itabidi gari lisimame mwezi mzima.

Shimo nalo liache. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama humo humo utakamosimama. Fanyia kazi uani penye upepo, mbali na jiko la shemeji, injini ikiwa imepoa. Kwanza chomoa fyuzi ya pampu, uwashe injini mpaka izime yenyewe ili presha iishe kwenye mabomba; ikishapoa tena, fungua waya wa hasi wa betri. Petroli uitoe kwa pampu ya mkono, wala usiivute kwa mdomo.

Itoe yote unayoweza. Mwaka juzi niliposhusha langu niliacha kama lita 20, yaani kilo 15 hivi, na jeki niliitia chini ya tangi bila ubao. Nilipofungua mkanda wa pili wa chuma unaoshikilia tangi, petroli ilikimbilia upande mmoja, tangi likainama, bomba ambalo sikuwa nimelichomoa likakatika, na petroli ikanichuruzika mkononi hadi kwapani, baridi kama maji ya mtungi. Kwa hiyo tanguliza ubao mpana, uwe na mtu wa pili, ulishushe kiasi cha kiganja tu, kisha uchomoe mipira na waya za pampu kabla ya kuendelea.

Gari lile lilikaa Mikindani miaka mingi, na naamini chumvi ya bahari imekwisha kula bolti za mikanda. Zitie mafuta ya kulainisha tangu Ijumaa. Zikikataa, usilete grenda.

Wakati wa kurudisha, weka mpira mpya kwenye mdomo wa pampu, hakikisha hakuna bomba lililobanwa, tia lita chache, kisha zungusha ufunguo mara mbili tatu bila kuwasha injini, huku mwenzako akimulika chini kwa tochi kutafuta tone.

Tundu lenyewe liko wapi, chini au kwenye mshono? Una hakika si mpira wa kujazia tu uliopasuka? Stendi unazo, au utategemea jeki peke yake? Kizima moto cha unga kipo? Na yule fundi, umekwisha kumlipa chochote? Nijibu kabla ya Ijumaa, nami nitapanda basi la alfajiri nije na ubao wangu.

Wako,
Bakari