Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi Siku ya Uzinduzi wa Mstari wa Adhuhuri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na wajumbe wa Bodi,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Dodoma. Utakachokizindua leo ni kidogo kwa umbo: nguzo ya chuma yenye mkono na, chini yake, ukanda wa zege wa mita mbili na nusu uliolazwa kusini-kaskazini. Lakini kwa nguzo hii mwanafunzi asiye na simu wala intaneti anaweza kuipata latitudo ya shule yake kwa kosa lisilozidi kilomita kumi. Anachohitaji ni futi kamba, kikokotoo na jua la saa sita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkono wa nguzo umeshika bati lenye tundu la milimita 5, lililo mita 2 kamili juu ya zege. Tulitoboa bati badala ya kupima kivuli cha ncha ya nguzo kwa sababu jua si nukta. Upana wake angani ni nusu nyuzi hivi, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia kidogo kidogo na watu wawili hawawezi kukubaliana kinapoishia. Kurefusha nguzo peke yake hakusaidii, maana ukungu wa ukingo nao hurefuka. Tundu hutoa doa la mwanga lenye upana wa milimita 24 hivi. Unaweka alama kwenye kingo zake mbili, unagawa nusu, na hapo ndipo penye kipimo. Mkono nao umetokeza pembeni kwa sababu ya latitudo yetu: zipo siku jua linakuwa utosini kabisa, na tundu lingekuwa juu ya nguzo yenyewe doa lingeangukia kwenye shina lake.

Vipimo vyote huanzia pale timazi iliyoning'inizwa kwenye tundu inapogusa zege, si kwenye shina la nguzo. Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia. Ukikosea milimita 1 kwenye zege, umehama kilomita 3 juu ya ramani. Alama ya timazi ikiwa nje kwa sentimita 2, umehama kilomita zaidi ya 60, na hesabu yako haitakuonya, itatoka safi kama kawaida. Ndiyo maana timazi hupimwa upya kila kabla ya kipindi, asubuhi upepo ukiwa haujaanza, na zege hukaguliwa kwa pima maji pande zote mbili.

Mwelekeo wa kaskazini haukutafutwa kwa dira. Sumaku huvutwa na nondo zilizo ndani ya zege na mabati ya madarasa, na hata pasipo vyuma haielekei kwenye ncha ya mhimili wa dunia. Tulichora duara la nusukipenyo cha mita moja na nusu kuzunguka alama ya timazi, tukaweka alama pale doa lilipoingia ndani ya duara asubuhi na pale lilipotoka alasiri, tukaunganisha alama hizo, kisha tukatafuta kati yake. Mstari kutoka alama ya timazi kupita hapo kati ndio wa kusini-kaskazini, ndio Mstari wa Adhuhuri. Kungoja tu doa lifike karibu kabisa ni njia mbaya, kwani karibu na adhuhuri umbali wake haubadiliki kwa namna ya kuonekana kwa dakika kadhaa. Asubuhi na alasiri doa linakwenda mbio, na muda wake unashikika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hesabu yenyewe ni hii. Gawa umbali wa doa kwa urefu wa tundu, upate tanjenti ya pembe kati ya jua na utosi. Tarehe 23 Septemba jua liko utosini Ikweta. Doa letu linaangukia sentimita 21.6 kusini mwa timazi: 21.6 kwa 200 ni 0.108, pembe yake nyuzi 6 dakika 10. Hiyo ndiyo latitudo ya Dodoma, 6°10′ Kusini. Tarehe 21 Juni jua liko utosini kwenye Tropiki ya Kansa, 23°26′ Kaskazini. Doa linakwenda kusini hadi sentimita 113.6, pembe 29°36′. Toa 23°26′, inabaki 6°10′. Desemba mambo yanageuka: jua linapita kusini mwetu, doa linaangukia kaskazini sentimita 62.2, pembe 17°16′, na safari hii pembe ndiyo inayotolewa kwenye 23°26′. Wanaokariri kanuni bila kutazama doa liko upande gani hujumlisha mahali pa kutoa, wakajikuta wako baharini, kusini kabisa ya Afrika Kusini. Tazama kwanza upande, kisha shika kikokotoo.

Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 4 au 5 Machi na tarehe 8 au 9 Oktoba, doa huangukia kwenye alama ya timazi yenyewe. Siku ya Machi iko ndani ya msimu wetu wa mvua na mara nyingi mawingu huificha. Ya Oktoba ndiyo ya kutegemea, na tunawaalika wazazi waje kuiona.

Longitudo ni kazi ya saa. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya 45° Mashariki, ambayo haipiti kabisa ndani ya Tanzania. Dodoma iko 35°44′, nyuma ya mstari huo kwa nyuzi 9 na dakika 16, kwa hiyo kwa wastani jua hufika kwenye mstari wetu saa 6:37 mchana, si saa sita kamili. Tunasema kwa wastani kwa sababu mwanzoni mwa Novemba hufika karibu saa 6:21, na katikati ya Februari karibu saa 6:51. Saa ya ukutani haina kosa. Jua la kweli halitembei sawasawa mwaka mzima, kwanza kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama, pili kwa kuwa njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua na dunia inakimbia kilomita 30.3 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai tuko kilomita milioni 152, mwendo umeshuka hadi 29.3. Asiyesahihisha kwa jedwali la siku husika hukosea hadi dakika 16 za saa, na dakika moja tu ya saa ni kilomita 28 hivi hapa kwetu.

Hapo kwenye Julai kuna kosa tunalolichukia kuliko yote, kwa sababu kwetu linafanana na ukweli. Mwanafunzi akisikia Julai dunia iko mbali na jua, na Julai Dodoma kuna baridi, anahitimisha kwamba umbali ndio unaoleta baridi. Mwulize kwa nini basi Julai hiyo hiyo Ulaya wanalia joto. Umbali hubadilisha mwanga tunaoupokea kwa asilimia 7 hivi, kwa dunia nzima wakati mmoja. Kinachotenganisha majira ya kaskazini na ya kusini ni ule mwinamo wa 23°26′, na doa letu linaonesha hivyo: Juni jua la adhuhuri linainuka nyuzi 60 tu juu ya upeo, Oktoba linafika 90. Mwanafunzi akiweka alama kwenye zege kila Ijumaa, mwisho wa mwaka mwinamo huo ataupima kwa futi kamba.

Angahewa nayo inaingia kwenye kipimo, kwani hewa huupinda mwanga. Jua likiwa kwenye upeo huinuliwa zaidi ya nusu nyuzi, kiasi kwamba tunaliona limekaa juu ya ardhi wakati kwa hesabu limeshazama lote. Kwa hiyo hatupimi machweo. Likiwa juu ya nyuzi 60, kosa hilo halizidi kilomita 1, na linaachwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, simu zipo na zinatumika, lakini namba zake zinasomwa vibaya. Dodoma kwenye simu ni -6.17, 35.74. Ukisahau alama ya kutoa, umeihamishia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilisha mpangilio, umeitupa baharini magharibi ya Tangier, Morocco. Ukiandika 6°10′ kuwa 6.10 umekosea kilomita 7, kwa sababu dakika 10 ni sehemu 10 kati ya 60 za nyuzi, yaani 0.17. Mpangilio huu pia ni kinyume cha namba za gridi kwenye ramani ya skeli 1:50,000, ambako mashariki husomwa kwanza na kaskazini baadaye. Tena ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Nukta ile ile hutofautiana karibu mita 300 kati ya mifumo hiyo. Kwa safari ya basi si kitu. Kwa kisima au mpaka wa shamba ni ugomvi wa majirani.

Kwa hayo, tunaleta kwako maombi matatu. La kwanza ni karatasi za ramani za 1:50,000 zinazoizunguka Dodoma, angalau seti moja kwa kila wanafunzi wanne. La pili ni baromita. Tuko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni hektopaskali 890 hivi badala ya 1,013 ya pwani. Ndiyo maana maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 96 na maharage yanachelewa. Hili nalo tunataka lisomwe kwenye kipimo.

La tatu ndilo kubwa, nalo halina gharama ya vifaa. Tunaomba utuunganishe na sekondari moja ya Arusha mjini itakayosimamisha nguzo kama hii. Arusha iko 3°22′ Kusini, kaskazini yetu ikisogea kidogo mashariki. Siku moja, kila shule ikipima adhuhuri yake (ya Arusha hutangulia yetu kwa dakika 4 pungufu kidogo), tofauti ya pembe itatoka 2°48′. Umbali wa kusini hadi kaskazini kwenye ramani ni kilomita 310. Zidisha kwa 360, gawa kwa 2.8, unapata mzingo wa dunia karibu kilomita 39,900, wakati mzingo halisi kupitia kwenye ncha ni 40,008. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki, aliifanya kazi hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Atakayetumia umbali wa barabara, unaozidi kilomita 400, atapata dunia ya zaidi ya kilomita 51,000, na hilo nalo tunataka wanafunzi walione kwa macho yao.

Siku tunayoipendekeza ni tarehe 21 Juni, kiangazi, anga likiwa wazi na doa likiwa mbali na nguzo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.