Wafadhili, lipieni upimaji kabla ya paneli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafadhili wanaosaidia vituo vya watoto yatima, zahanati za mashirika ya dini na hosteli za wanafunzi hapa Dodoma. Fedha za kupunguza gharama za umeme kwenye majengo haya zikija, haraka yote huwa ni kufunga sola. Sola ni nzuri. Lakini jengo linalopoteza umeme likifungiwa sola, mtakuwa mmenunua paneli na betri za kulisha upotevu. Kwanza lipieni upimaji wa jengo, ijulikane umeme unakwenda wapi.

Angalieni taa tu. Tyubulaiti ya zamani ya wati 36 pamoja na choki yake (koili ndani ya fremu inayodhibiti umeme wa tyubu) hula kama wati 45. Ya LED yenye urefu uleule hula 18. Jengo lenye taa 40 zinazowaka kwa muda wa saa 10 kila siku litaokoa yuniti 10.8 kwa siku. Kwa bei ya T1 (kundi la watumiaji wa kawaida) ya shilingi 292 kwa yuniti, ambayo ikijumlishwa VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1 hufika 356, hizo ni kama shilingi 115,000 kwa mwezi. Kuzipata yuniti hizo kwa sola kunataka paneli zisizopungua kilowati 2, na betri juu yake, kwa sababu taa kazi yake kubwa ni usiku.

Hata hapo, kazi ikifanywa ovyo faida inapungua. Fundi akichomeka tyubu ya LED akaiacha choki, choki inaendelea kula umeme, na siku ikikatika ndani taa nayo inazima. Choki na stata vitolewe, nyaya ziungwe kwa kufuata mchoro wa tyubu husika, maana nyingine hupokea umeme upande mmoja na nyingine pande zote mbili. Kisha kibandikwe kikaratasi kwenye fremu kueleza hivyo, ili fundi mwingine asirudishe tyubu ya kizamani.

Joto la Oktoba na Novemba ndilo linalowasha feni na viyoyozi, na chanzo chake ni bati. Rangi nyeupe juu ya bati husaidia sana, ila bati lioshwe, kutu ikwanguliwe na ipakwe praima ya mabati kwanza. Bila hivyo rangi inabanduka. Karatasi ya kuakisi joto ifungwe chini ya bati ikiwa na nafasi ya hewa, uso unaong'aa ukitazama chini. Ukitazama juu, vumbi letu la kiangazi litaufunika. Ikigusana na bati, joto linapita moja kwa moja. Matundu ya hewa yawekwe pande zote mbili za paa, yenye wavu wa kuzuia popo, na misumari isitoboe nyaya.

Hita ya maji ya sola inafaa hosteli kuliko hita za bafuni zinazokula kilowati 3.5 hadi 5.5 kila moja. Lakini maji ya visima vya Mzakwe yana chumvi inayoganda kwenye mirija. Bajeti isiyo na fedha ya kuisafisha kila mwaka haijakamilika.

Sasa upimaji. Kusanyeni manunuzi ya LUKU ya miezi 12. Usiku mmoja zimeni kila kitu, mtazame taa ndogo ya mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa humweka mara 1000 kwa kila yuniti, na taa imemweka mara 10 ndani ya dakika 6, kuna wati 100 zinaliwa bila mtu kujua. Fungeni mita ndogo kwenye pampu, jikoni na mabweni kwa wiki mbili. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, naye hulipwa, lakini fomu nyingi za ufadhili hazina mstari wa kuilipia. Huo mstari ndio ninaouomba.

Kikwazo kingine ni kwamba kituo kimoja kinahitaji fedha kidogo mno kumvuta mfadhili mkubwa. Marekani, sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola milioni 50 kwa majengo ya mashirika yasiyo ya faida, ukomo dola 200,000 kwa jengo, na fedha zikapitia kwa wapokeaji wakuu waliokusanya majengo mengi pamoja. Hapa dayosisi au mtandao wa mashirika unaweza kubeba jukumu hilo, pamoja na taratibu za Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali kwa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, ambazo kituo kidogo huziona mzigo.

Mwisho, asilimia 10 ya malipo ya mkandarasi izuiwe mpaka yuniti za miezi mitatu baada ya kazi zilinganishwe na za miezi ileile ya mwaka uliotangulia. Msilinganishe Novemba na Julai.

Fundi umeme wa majengo,
Dodoma