Kwa vijana wachoraji mnaoishi na sikoseli, Kisumu na pande zote za magharibi

Wanangu, hamjambo.

Nimeamua niandike hapa wazi mara moja, kwa sababu mnanijia mmoja mmoja na swali ni lile lile, Mwalimu nitawezaje kuishi kwa kuchora na huu mwili. Wengine mko Nyalenda, wengine Siaya, Busia, Mumias. Huku kwetu sikoseli, huu ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi kwa sababu malaria ni nyingi, aliyerithi kwa mzazi mmoja tu malaria kali haimwangushi kirahisi, kwa hivyo hiyo kitu imebaki kwa damu ya watu wa huku vizazi na vizazi, na aliyerithi kwa mama na kwa baba ndiye sisi. Mtu akikwambia ni laana ya boma mpite tu, una kazi ya kufanya.

Nami nimekaa nayo tangu utotoni na nimechora mpaka mvi zimejaa kichwa, so naongea kitu nakijua. Neno langu kubwa ni hili: usimuuzie mteja siku ambazo si zako. Mteja akikuletea picha kumi na mbili za kitabu cha watoto anataka kwa mwezi mmoja, mchoraji mzima anahesabu siku zote za mwezi, lakini wewe toa wiki nzima kabla hujafungua mdomo, hiyo wiki ni ya ugonjwa hata kama hautakuja, halafu ndio useme tarehe. Ukimaliza mapema peleka mapema, hakuna mteja atakasirikia hiyo. Na si lazima umtajie jina la ugonjwa. Mwambie tu mwanzoni, kabla ya pesa, kwamba una hali ya kiafya inaweza kukulaza siku kadhaa na umeshaiweka kwa ratiba. Anayekimbia kwa sababu ya hilo angekutesa mbele.

Bei nayo isishuke ati kwa sababu unaogopa watakuacha. Hiyo bei ndiyo inanunua dawa, inalipa SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa nauli ya kliniki, inalipa siku umelala. Chukua nusu kabla penseli haijagusa karatasi, robo skeci zikikubaliwa, robo mwisho. Maumivu yakikukamata katikati angalau kazi uliyofanya imeshalipwa, hauko wodini ukibembeleza mtu kwa simu.

Halafu panga kazi kama mtu anayejua anaweza kuitwa saa yoyote. Faili kwa tableti zipe majina yanaeleweka, leya, yaani tabaka za picha, ya mistari iitwe mistari, ya rangi iitwe rangi, si leya 47. Weka ukurasa mmoja una kila mhusika amesimama mbele na kando, rangi ya shati, rangi ya ngozi, brashi gani umetumia. Tafuteni kila mtu mwenzake wa kumshikia, mkubaliane mapema mnagawana vipi, ili ukilazwa yeye afungue hiyo faili aendelee na ukurasa wa nane bila kukuuliza chochote. Msione haya kusaidiwa. Henri Matisse, yule mchoraji wa Ufaransa, alipasuliwa mwaka wa 1941 akabaki mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu, wasaidizi wakawa wanampakia karatasi rangi, yeye anakata kwa makasi na kuelekeza ibandikwe wapi, na kazi za wakati huo ni kati ya zile dunia inamkumbukia. Mkono ukivimba siku hiyo usilazimishe mistari midogo, fanya kazi nyingine, jaza rangi pana, andika invoisi, soma hadithi ya mteja tena.

Sasa hapa kwa mkataba nataka mnisikilize vizuri sana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Wengi hamjui hii, mnafikiri kwa sababu umechora basi ni yako. Kuna kampuni ya vitabu, jina naliacha, ilichukua wanyama niliowachorea kitabu cha darasa la pili ikawaweka kwa kalenda, ikawaweka kwa daftari, na wakati wale fisi wangu wanauzwa mimi nilikuwa natundikiwa damu na hakuna hata shilingi ilikuja. Bado inaniuma. Kwa hivyo andikeni hivi, kwa maneno yenu: mchoraji anabaki na hakimiliki, mteja anaruhusiwa kutumia picha hizi kwa kitabu hiki, hapa Kenya, kwa miaka mitano, matumizi mengine yalipwe kando. Akikataa kabisa, sawa, anunue yote lakini kwa bei ya yote. Hiyo haki inadumu maisha yako na miaka 50 baada yako, na mtu wa kulala hospitali mara kwa mara anahitaji picha ya zamani inayoleta pesa kuliko mtu yeyote mwingine. Kazi zenu kubwa sajilini KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Mwili wenyewe. Maji, mnajua, lakini mchoraji akizama kwa kazi anasahau, weka jagi mbele ya macho si nyuma ya kiti. Macho! Sikoseli inaziba mishipa midogo nyuma ya jicho na haiumi mpaka imeshaharibu, kapimweni kila mwaka hata kama mnaona vizuri, Sabatia kule Vihiga ni hospitali ya macho na si mbali. Bega likiuma wiki nyingi usiseme ni kuinama kwa meza, mwambie daktari, mfupa wa bega au nyonga unaweza kukosa damu ukafa polepole. Wenye mmeanzishiwa haidroksiyurea, ile dawa ya sikoseli, msiache kwa sababu mnaskia vizuri, na vipimo vya damu msiruke. Homa ikipanda, acha picha hapo ilipo, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Safari ya Nairobi kwa basi la usiku kwa ajili ya mkutano wa saa moja mimi siipendi kabisa. Unakataa kunywa maji ili usimsumbue dereva asimame, dirisha la mbele liko wazi, mnapanda Kericho mpaka Mau Summit baridi ya kukata mifupa, unafika umeshaanza kuumwa na hata hujaonyesha kazi. Omba mkutano kwa simu. Ikishindikana safiri mchana, na sweta, na chupa mbili, na dawa kwa mkoba wa mkononi, si kwa buti ya basi.

Wenye mna mikataba hamjasaini, msisaini wiki hii. Nileteeni, Jumamosi kuanzia saa nane mchana niko nyumbani, tuisome mstari kwa mstari.

Mwalimu wenu