Tunamchangia tena dada yetu wa kwaya, mapafu yamegoma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, nyie wa hapa Dodoma mjini na wa Kongwa na Mpwapwa pia.

Swali nalijua maana nimeulizwa hadi sokoni Majengo, "si tulishamchangia akapandikizwa mapafu India, sasa tena nini?" Ndio tulichanga, akarudi, akaimba sauti ya kwanza miaka minne, wenyewe mlimsikia. Sasa mwili wake umekuwa ukiyakataa yale mapafu kidogo kidogo, vile vijinjia vyembamba vya hewa vinaota makovu vinaziba, na jamani sio uzembe wake, dawa za kushusha kinga anameza asubuhi na jioni, barakoa haivui kwenye vumbi letu hili. Karibu nusu ya wanaopandikizwa mapafu inawakuta hii ndani ya miaka 5. Alikuwa anapuliza kile kipimo cha pumzi namba zinashuka tu, saivi kutoka kitandani hadi mlangoni lazima akae kwanza, mtungi wa oksijeni uko pembeni.

Makovu yale dawa haiyaondoi, kilichobaki ni kupandikizwa mara ya pili. Siwafichi, ni ngumu kuliko ile ya kwanza, mapafu yameshagandana na kifua so kuyatoa ni kazi, na figo zimechoshwa na dawa miaka yote hii, lazima zipimwe kabla. Ila mwili kukataa mapafu hivi kuna aina mbili, ya njia za hewa kuziba na ya pafu zima kukakamaa, na wanaorudia upasuaji kwa hiyo ya njia kuziba wanafanya vizuri zaidi, na yeye ndio hiyo. Mimi hapo ndipo nimeshika.

Hapa kwetu hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo, mapafu bado, kwahiyo ni Chennai tena, kulekule India. Na pafu likipatikana linatakiwa liwekwe ndani ya masaa machache, maana yake apange chumba karibu na hospitali asubiri, wiki au miezi hatujui, na mama yake awe naye. Kodi na chakula ndio vitatubana.

Jumapili baada ya ibada ya pili ni harambee. Njoo na ulichonacho, buku, laki, debe la zabibu toka Hombolo, gunia la alizeti, mbuzi, tutanadi palepale, na risiti mhazini atazisoma mbele ya kanisa kama mara ile. Mwenye mtoto anayesoma Chennai aniambie mapema, wakipata wa kuwapokea uwanja wa ndege nao ni mchango.