Tuirudishie Krismasi siku zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo kila mwaka, Desemba inapokaribia, tunalilalamikia makanisani na majumbani, kisha tunaliacha kama lilivyo: kwamba sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana wetu Yesu Kristo imegeuzwa kuwa msimu wa mauzo. Malalamiko hayo nayaunga mkono, lakini naona yanakosa shabaha. Tunalaumu zawadi, mapambo, matangazo na yule mzee mwenye ndevu nyeupe, ilhali kitu tulichonyang'anywa hasa ni wakati. Biashara imeihamisha Krismasi kutoka katika siku zake na kuitanguliza mbele, na sisi waumini tumehama nayo bila kuuliza.

Tuitazame kalenda. Kwa makanisa yanayofuata mwaka wa liturujia (mpangilio wa vipindi na sikukuu za ibada), yaani Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na mengineyo, Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, nacho ni kipindi cha kungoja na kujitayarisha. Sikukuu yenyewe huanza jioni ya tarehe 24 Desemba na kuendelea mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi waliomtembelea mtoto Yesu, tarehe 6 Januari. Kwa Wakatoliki huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya kuifikia. Kalenda ya madukani inakwenda kinyume kabisa. Nyimbo za Noeli huanza kupigwa mwezi Novemba, shamrashamra hupanda wiki baada ya wiki, na tarehe 26 Desemba, siku ambayo Kanisa ndiyo kwanza limeanza kushangilia, mapambo yanashushwa na matangazo mengine yanabandikwa mahali pake. Mkristo anayeishi kwa kalenda hiyo huingia katika ibada ya usiku wa Krismasi akiwa ameshaichoka sikukuu ambayo haijaanza.

Wafanyabiashara wanaijua thamani ya siku kuliko sisi. Mwaka 1939 nchini Marekani, Sikukuu ya Shukrani, ambayo kwa desturi iliadhimishwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba, ilikuwa iangukie tarehe 30. Kwa kuwa watu wengi hawakuanza ununuzi wa Krismasi kabla ya siku hiyo kupita, wenye maduka makubwa walimwomba Rais Franklin Roosevelt aitangulize, naye akaisogeza hadi tarehe 23 ili msimu wa kununua urefuke kwa wiki moja. Majimbo kadhaa yalikataa kumfuata, na suala hilo halikupata ufumbuzi wa kisheria mpaka mwaka 1941, Bunge lilipoamua siku ya kudumu, Alhamisi ya nne ya Novemba. Siandiki haya ili kuwashambulia wauzaji. Kuuza ndiyo kazi yao, na wengi wanalisha familia zao kwa mapato ya mwezi huo. Ninachouliza ni kwa nini wao waliona wiki moja inafaa kupiganiwa hadi kwa mkuu wa nchi, nasi tumeziachia wiki zote za Majilio pasipo hata kunung'unika.

Hasara yake si ndogo. Katika Misa za Jumapili za Majilio, Wakatoliki hawaimbi "Utukufu kwa Mungu juu", wimbo unaoanza kwa maneno ambayo malaika waliwaimbia wachungaji waliokuwa wakilinda kundi usiku. Wimbo huo unanyamazishwa kwa makusudi, ili utakaporudi usiku wa Krismasi uwapate watu wakiwa na kiu nao. Nimesimama kanisani usiku huo, kengele zikilia na wimbo ukipokewa na kanisa zima, na nikaelewa kwa nini tulinyimwa kwa majuma yote yale. Lakini kiu hiyo haiwezi kumpata mtu ambaye sifa za malaika zimemfuata tangu Novemba kila alipoingia kununua sabuni.

Yako pia masomo. Katika Majilio ndipo anapotujia Yohana Mbatizaji, na katika Injili ya Luka sura ya 3 makutano wanamwuliza wafanye nini. Jibu lake ni fupi: mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo. Neno hilo hutufikia katika majuma yale yale ambamo simu zetu hazitulii kwa ujumbe wa punguzo la bei. Sauti hizo mbili haziwezi kusikilizwa kwa pamoja, na mhubiri anayeogopa kulisema hilo wazi kwa kuhofia kuwaudhi watu anawanyima waumini wake kitu wanachokihitaji kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Katika darasa la watoto ninalolisaidia kanisani niliwahi kuuliza tunangoja nini katika Majilio. Wa kwanza akajibu zawadi, mwingine akajibu likizo. Kisha binti mmoja akasema, "Tunamngoja Yesu, lakini mwalimu, si alishazaliwa?" Swali hilo lingestahili kujibiwa kwa mwezi mzima, maana ndilo fumbo la kipindi chenyewe: tunakumbuka jinsi watu wa Mungu walivyomngoja Masiya kwa vizazi vingi, na papo hapo tunajitayarisha kumlaki atakaporudi kwa utukufu kama alivyoahidi. Mtoto ambaye hakufundishwa kungoja hatashangaa Bwana anapofika, kwa sababu hakuna alichokuwa akikitazamia isipokuwa kifurushi.

Kungoja hufundishwa, na wapo waliotutangulia waliojua kufundisha. Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyeanzisha makao ya watoto maskini mjini Hamburg, alikuwa na watoto waliomwuliza kila mara kama Krismasi imefika. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mbao, akalipachika mishumaa midogo kwa siku za kawaida na mikubwa minne kwa Jumapili, na kila siku ukawashwa mshumaa mmoja zaidi huku wakisali. Kutokana na gurudumu hilo tumepata lile shada la Majilio ambalo leo limo katika makanisa ya madhehebu mengi. Hakuna kilichouzwa wala kununuliwa zaidi ya nta, na watoto wasio na kitu walipata njia ya kuona kwa macho yao jinsi mwanga unavyoongezeka kadiri siku ya Bwana inavyokaribia.

Naomba nikae kidogo kwenye neno hili la maskini, kwa sababu hapa ndipo biashara ilipotuumiza zaidi. Nimewasikia wazazi wakisema, "Mwaka huu hatuna Krismasi," kumbe wanamaanisha kwamba hawana fedha. Wengine hukopa ili wasionekane wameshindwa, na deni hilo huwasumbua miezi mingi baadaye. Inakuwaje sikukuu hii, katika sikukuu zote, imfanye maskini ajione amefungiwa nje? Yesu alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe kwa sababu wazazi wake hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Walipompeleka Hekaluni baada ya siku za utakaso kutimia, Luka anataja sadaka yao: jozi ya hua au makinda mawili ya njiwa. Ukifungua Walawi sura ya 12 utaona kwamba sadaka iliyotakiwa ilikuwa mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja, na kwamba ndege wawili waliruhusiwa kwa mwanamke asiyekuwa na uwezo wa kumpata mwana-kondoo. Basi mama wa Mkombozi alitoa sadaka ya maskini, mbele ya watu, wala hakukopa ili aifiche hali yake. Ndiye aliyekuwa ameimba, mtoto akiwa bado tumboni, kwamba Mungu amewashibisha mema wenye njaa na kuwaondoa wenye mali mikono mitupu. Ningependa kila mzazi anayesononeka mwezi wa Desemba asomewe habari hiyo ya hua wawili, na asomewe na kiongozi wake wa kiroho, uso kwa uso.

Wapo watakaosema kwamba nataka kuwanyima watu furaha. Sivyo. Waliojaribu kuisafisha sikukuu hii kwa kuifuta walishindwa: Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1647, na koloni la Massachusetts likaweka faini ya shilingi tano mwaka 1659 kwa yeyote aliyeiadhimisha, lakini sheria hizo hazikudumu. Wala sipingi zawadi. Mamajusi walitoa dhahabu, uvumba na manemane, na Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki, anakumbukwa kwa simulizi kwamba aliwasaidia mabinti watatu wa mtu fukara kwa fedha alizozitupia ndani ya nyumba yao usiku, asitake kujulikana. Zawadi ya namna hiyo, itolewayo kwa asiyeweza kurudisha, haijawahi kuidhuru Krismasi. Inayoidhuru ni ile ya kulipana na kushindana.

Lawama kubwa, hata hivyo, naielekeza kwetu sisi wa nyumbani mwa Bwana. Vyama vyetu vya kanisa hufanya tafrija za Krismasi mapema mwezi Desemba, Majilio yakiwa bado mabichi. Kwaya zetu huwa zimeimba nyimbo zote za Noeli kabla Noeli haijafika, na Jumapili inayofuata sikukuu viti vinabaki vitupu. Hakuna mfanyabiashara aliyetulazimisha. Baraza lolote la parokia au la usharika laweza kuamua, katika kikao kimoja, kwamba tafrija zisogezwe ziwe kati ya Krismasi na Epifania, wakati ambapo watu wana nafasi na bei za vitu zimeshuka, na kwamba majuma ya Majilio yatumike kwa toba, kwa sala za jioni na kwa kuwatembelea wagonjwa na wafungwa. Familia nayo yaweza kuamua kwamba zawadi hazitolewi zote asubuhi moja, bali baadhi zisubiri hadi Epifania, siku ambayo Kanisa huwakumbuka waliompelekea mtoto Yesu zawadi zao.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Gazeti lako, kama mengine mengi, hujaa picha na makala za Krismasi kabla ya tarehe 25, na siku mbili baadaye huwezi kupata hata mstari mmoja. Mwaka huu tenga safu ndogo kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 6 Januari, hata kama ni aya chache kwa siku: Stefano shahidi siku ya kwanza, tarehe 28 wale watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, tarehe 1 Januari kutahiriwa kwa mtoto na kupewa jina Yesu, na mwishoni mamajusi waliorudi kwao kwa njia nyingine. Naamini wapo mapadre na wachungaji watakaokubali kuandika bila malipo, na niko tayari kukusaidia kuwatafuta kabla Majilio hayajaanza.

Wako katika Kristo,
Msomaji wako