Miezi sita ya kunyonyesha si mzigo wa mama peke yake

Mhariri,

Kila Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani inapofika, akina mama hukumbushwa kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala uji. Ujumbe huo ni sahihi. Kinachoniuma ni kwamba huelekezwa kwa mama tu, kana kwamba anayeshindwa hakutaka. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF za mwaka 2023, watoto wanaonyonyeshwa hivyo duniani ni takriban asilimia 48. Siamini hata kidogo kwamba hao wengine wote mama zao ni wazembe.

Mara nyingi mambo huharibika katika siku za mwanzo kabisa. Mtoto anapaswa kuwekwa kwenye titi ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, lakini aliyejifungua kwa upasuaji, au aliyetenganishwa na mwanawe, huikosa saa hiyo. Dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, hutoka kidogo kidogo, na kwa kawaida hicho kidogo humtosha mtoto mchanga. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4. Asipopata wa kumweleza hayo, mama humsikia mtoto akilia usiku kucha na kuamini kwamba hana maziwa. Bibi, kwa huruma kabisa, huleta maji ya sukari au maziwa ya kopo. Mtoto akishiba hayo hanyonyi vya kutosha, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Hapo ndipo upungufu uliokuwa wa hofu tu unapogeuka kuwa wa kweli.

Ndiyo maana namthamini mkunga anayeketi na mzazi, akamwonyesha namna ya kumpakata mtoto na kuhakikisha kinywa kimeshika sehemu kubwa ya titi, si chuchu peke yake. Chuchu zilizochanika zimewakatisha tamaa wengi, na mara nyingi chanzo ni mtoto kushika vibaya tu. Wapo pia ambao maziwa yao kweli hayatoshi, au ni wagonjwa. Hao wanahitaji tiba na ushauri, wasiaibishwe.

Halafu kuna kazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Miezi 6 ni wiki 26. Wiki 12 zinazobaki mama afanyeje? Mkataba huohuo unampa haki ya mapumziko ya kunyonyesha, lakini mapumziko bila chumba cha faragha wala jokofu humpeleka kukamua maziwa chooni, na wengi huacha. Anayelipwa kwa siku hana hata hizo wiki 14.

Ombi langu ni kwamba mazungumzo haya yaanze kliniki, kabla ya kujifungua, baba na bibi wakiwepo. Mjamzito aulizwe atarudi kazini lini, nani atapika na kufua wakati yeye ananyonyesha, na atamwita nani titi likivimba usiku. Na mwajiri wake apelekewe barua mapema, atenge chumba chenye mlango unaofungwa.

Msomaji wako